Fimbo Isiyoazimwa

Badhatu alinyoosha mkono juu ya kitanda kuchukua fimbo yake, mkono ukashika ukuta mtupu.

Fimbo hiyo alipewa na mama yake siku aliyoolewa, kama tulivyopewa wanawake wote wa kabila letu la Arsi. Ni nyembamba, imenyooka, na inapakwa siagi mpaka inang'aa. Tunaiita sinke. Haichapi ng'ombe wala mtoto. Mwanamke akiishika kati ya watu wanaotaka kupigana, na majani mabichi mkono wa pili, mwanamume hathubutu kuvuka. Haiuzwi na haiazimwi.

Badhatu alipapasa uvunguni, akapapasa nyuma ya mitungi ya maziwa. Kisha akatazama mlango. Mkuki wa marehemu mumewe, uliokaa pale pembeni tangu azikwe, nao haukuwepo. Kitanda cha mwanawe Kadiro kilikuwa baridi.

Hapo akajua mwizi wake ni nani.

Nimeishi na Badhatu ukuta kwa ukuta tangu nilipoolewa bondeni hapa. Ni mwanamke wa maneno machache na masikio mengi. Wake wenza wakigombania siagi, ndugu wakigombania mpaka, wanakuja kwake, naye hawahukumu. Ana sharti moja tu: huanzi kusema lako kabla hujasema la mwenzako, tena uliseme vizuri mpaka mwenyewe akubali kwamba ndivyo. Nimewaona wanaume wenye ndevu wakitoka jasho kwa sharti hilo. Kumtukana mtu ni rahisi. Kusema uchungu wake kwa mdomo wako, mwenyewe akikutazama, ni kazi.

Sasa kesi ilikuwa nyumbani kwake.

Jana yake, kwenye chemchemi ya chumvi ambako sote tunanyweshea mifugo, Kadiro aliruka zamu. Zamu ilikuwa ya nyumba ya Bulo. Jemal, mdogo wake Bulo, akamkemea. Kadiro akamjibu vibaya. Jemal akamchoma mkuki tumboni maksai mwekundu wa Kadiro. Maksai akaanguka majini. Kadiro akashusha rungu, na mkono wa kulia wa Jemal ukavunjika, sauti yake tukaisikia sisi tuliokuwa tunateka maji ya kunywa mtoni kule chini. Kufikia jioni, vijana wa pande zote mbili walikuwa wananoa mikuki.

Badhatu akatoka uani akapiga kigelegele, kile kirefu kisicho cha harusi. Tukatoka kila mmoja na sinke yake, tukichuma majani njiani.

"Yako iko wapi?" nikamuuliza.

"Kadiro ameificha."

Mwanamume haigusi sinke ya mwanamke, sembuse ya mama yake. Bibi mmoja akasema taratibu, "Basi wewe baki, mwanangu. Bila sinke utakuwa mwanamke tu kati ya mikuki."

"Nitakuwa hivyo hivyo," akasema Badhatu, akatangulia.

Tuliwakuta wamekwisha kujipanga, chemchemi katikati yao. Maksai aliyekufa alikuwa bado ukingoni, nzi wamemjaa. Jemal alikuwa amefungwa mkono kwa vijiti na ngozi, mkuki ameushika kwa mkono wa kushoto. Kadiro alikuwa mbele ya wenzake. Alipomwona mama yake, uso ulimshuka.

"Mama, rudi nyumbani! Utasimamaje hapa na huna fimbo?"

"Umejuaje kwamba sina?"

Kicheko kikatoka upande wa Bulo, kikavu, kikakatika. Masikio ya Kadiro yaliiva.

Bulo akasogea hatua. Ni mtu mzima, mpole siku nyingine zote. "Mama Kadiro, tunakuheshimu. Lakini leo pisha. Wewe ni mama wa mtu. Leo huwezi kuwa mama wa wote."

Alisema kweli. Badhatu alisimama matopeni na majani yake mkononi. Sisi wengine tulikuwa nyuma bado tunateleza kwenye mteremko, na vijana walikuwa wameanza kusogea. Nilisikia mtu akisema, "Sasa, kabla hawajafika."

Ndipo Shuma akatoka. Shuma ni mke wa Bulo. Alikuwa amefika kwa njia ya kwao, akapita katikati ya shemeji zake, sinke mkononi.

"Shuma! Rudi!" Bulo akafoka. "Unampelekea fimbo mama wa adui? Sinke haiazimwi!"

"Nani anaazima? Naishika mwenyewe." Akamfikia Badhatu, akailaza fimbo kati yao. "Ila ni ndefu. Dada, shika huku."

Badhatu akashika. Bibi yule pembeni yangu akanong'ona kwamba tangu azaliwe hajaona jambo kama hilo, wala hakujua kama linaruhusiwa. Wanaume nao hawakujua. Wakasimama, miguu imeinuliwa nusu, kama watu waliofika mtoni wakakuta maji yamebadilisha njia.

Kisha Badhatu akageuka. Akawapa mgongo watu wa Bulo, mikuki yao yote, akamwelekea mwanawe. Shuma akaelewa, naye akamgeukia mumewe, mgongo wake kwa Kadiro.

"Mama, mgongo wako!" Sauti ya Kadiro ilipasuka. "Jemal yuko nyuma yako!"

"Ana mkuki?"

"Anao!"

"Akinichoma utamwona wewe. Mimi nakutazama wewe tu."

Kadiro akainua mguu. Niliuona ule mguu, matope yakidondoka kisiginoni. Ulikaa hewani muda ambao sitaki kuukumbuka. Nyuma ya Badhatu mkuki wa Jemal ulikuwa unatetemeka, maana mkono wa kushoto haukuzoea uzito. Mguu ukarudi chini palepale ulipotoka.

Aliyeweka silaha kwanza ni Bulo. Aliulaza mkuki majanini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Kadiro akafuata. Sisi tukafika, tukajipanga mstari, na wanaume wakaketi.

Lakini kuketi si kupatana. Vijana walikuwa wanatazamana kwa pembe ya jicho, na mikono haikuwa mbali na nyasi ilipolala mikuki. Mmoja akapiga kelele kwamba twende mahakamani mjini.

"Twende," akasema Shuma. "Tutarudi wakati wa mavuno, mmoja ameshinda na mwingine anamvizia njiani. Shayiri atapanda nani?"

Badhatu akamwambia mwanawe, "Anza. Sema la Jemal."

"Mimi? Ng'ombe wangu ndiye aliyekufa!"

"Lako litasemwa. Sema lake."

Kadiro akatazama chini. "Alikasirika nilipo... nilipopitisha ng'ombe."

"Ndivyo?" Badhatu akamuuliza Jemal.

"Sivyo."

"Rudia."

"Niliruka zamu yao."

"Ndivyo?"

"Bado," akasema Jemal. "Nilimkemea, akajibu nini? Aseme alichojibu."

Tuliisikia chemchemi ikibubujika. Badhatu hakumsaidia mwanawe hata kwa kope. Najua alivyompenda, na najua jinsi kidevu chake kilivyokuwa kimekaza.

"Nilimwambia," Kadiro akasema, "nilimwambia nyumba isiyo na mtoto wa kiume haina haraka ya kunywesha."

Shuma, mwenye mabinti watupu, hakugeuza uso. Bulo ndiye aliyeinamisha kichwa. Hata vijana wa upande wa Kadiro hawakuwa wamelisikia hilo, mmoja akamtazama kama anamwona leo.

"Halafu nikamvunja mkono. Wa kulia. Na mvua zimeanza."

"Ndivyo," akasema Jemal.

Ikawa zamu yake. Alitaka kupita upesi: nilichoma ng'ombe, basi. Kadiro akasema sivyo. Jemal akajaribu tena. Mara ya mwisho sauti ilikuwa imeshuka. "Nilimchoma yule mwekundu. Aliyelelewa na baba yako toka ndama. Baba yako alikuwa akimwita kwa mluzi, hata mimi nikiwa mdogo nikimwigiza alikuwa akinijia."

"Ndivyo," akasema Kadiro, akajifunika uso kwa shuka.

Kisha Badhatu akauliza, kama anayeuliza habari ya hali ya hewa, "Sasa nani atalima?"

Jemal akaangalia vijiti mkononi. "Maksai ninaye mmoja. Mkono sina."

"Mimi mkono ninao," Kadiro akajibu ndani ya shuka. "Maksai amebaki mmoja. Mmoja havuti plau."

Ndipo wote wawili wakatutazama.

"Mbona mnatutazama sisi?" akasema Bulo. "Mmeshaanza kusemeshana wenyewe."

Fidia ya mfupa na ya ng'ombe wazee waliijadili baadaye, na haikuwa ndogo. Kwa Shuma, Kadiro alikwenda peke yake, bila kutumwa, walichoongea sijui.

Jioni ile ile alimletea mama yake fimbo kutoka ghala la shayiri alikoificha, ameiviringisha nguo ili vidole visiiguse. Badhatu alikuwa anasonga uji mzito wa shayiri. Hakuipokea.

"Irudishe pale juu ya kitanda ulikoitoa," alisema. "Halafu uje ule."

Wiki iliyofuata walifunga nira shambani kwa Jemal, maksai wa Kadiro kushoto, wa Jemal kulia. Wanyama hawakujuana. Mmoja alivuta kilimani, mwingine bondeni, na mtaro wa kwanza ulikwenda kombo kama nyoka aliyelewa.

"Kaza kushoto! Kushoto, we!" Jemal alifoka, mkono umening'inia kifuani.

"Kushoto ni kwa wangu. Wako ndiye mkaidi!"

"Amekuiga wewe!"

Nilikuwa nimesimama na Badhatu kando ya shamba. Alisikiliza kidogo, akapangusa mikono, akaenda zake nyumbani kukaanga kahawa.