Kidonda cha Wiki ya Tatu

Mume wangu anasema zile siku nne nilizokaa kimya ndiyo fungate yake ya kweli. Namwachia. Lakini aliyeninyamazisha ni mimi mwenyewe, kwa mafuta ya karafuu.

Nilikuwa na kidonda ubavuni mwa ulimi, kidogo kama punje ya mtama. Wiki ya kwanza nikasema nimejiuma. Wiki ya pili mama mkwe akasema, "Ulimi wako huo umechoka kufoka, mwanangu." Tukacheka. Wiki ya tatu mimi niliacha kucheka. Bibi yangu wa shamba, mla tambuu, alianza na kidonda hivyo hivyo, akakificha mpaka taya likavimba, tukamzika. Na mimi nnanyonyesha mtoto wa miezi mitano! Nani atamlea?

Basi kwa hasira nikachukua yale mafuta tunayopaka jino likiuma, nikachovya pamba, nikakandamiza pale pale. Yarabi! Niliruka mpaka uani, kuku wakatawanyika, mate yananichuruzika kifuani.

"Umepagawa?" mama mkwe akaja mbio.

Nilikuwa na jibu lake, tena zuri. Halikutoka. Ulimi ulishababuka, mweupe kama uliochemshwa.

Kesho yake akanipeleka kwa daktari wa meno, msichana mdogo kuliko mimi. Alimwamkia mama mkwe, akaniwashia taa mdomoni, akaguna.

"Nani kapaka nini humu?"

"Mafuta ya karafuu. Mwenyewe huyo, mie simo!"

"Hayo ya jino, mama, tena tone. Kwenye kidonda yanaunguza. Na kidonda chenyewe kina muda gani?"

Nikanyoosha vidole vitatu.

"Siku tatu?"

Nikatikisa kichwa.

"Wiki?" Tabasamu likamfutika. Akaushika ulimi wangu kwa kitambaa, akabonyeza kingo za kidonda kama anapima embe, akanipapasa shingoni kutafuta uvimbe. Akauliza tambuu, akauliza sigara. Hapana, hapana. Kisha akapitisha kidole kwenye magego.

"Alaa! Mchawi wako huyu hapa."

Gego lililovunjika. Tangu nina mimba nakula ubuyu kutwa, na kokwa nazivunja kwa meno kama panya. Ncha imebaki kali kama wembe, inakwangua ulimi kila nikifungua mdomo.

"Unasema sana?"

"Mwanangu, hilo usiulize," akajibu mama mkwe.

Daktari akaisaga ile ncha. Akanipa masharti: nisukutue maji ya chumvi ya vuguvugu, pilipili na ndimu niziache, nirudi baada ya wiki mbili.

"Kisipopona nitakata kipande tukipime. Kidonda cha mdomoni kikishapita wiki mbili hakingojewi."

Nilisukutua kama kichaa; siku ya nne maneno yakarudi, hofu ikabaki. Kila asubuhi natoa ulimi kwenye kioo na tochi ya simu, na mtoto mgongoni ananiiga, anatoa wake.

Siku ya kurudi, daktari akauvuta ulimi, akaugeuza, akabonyeza.

"Hakipo. Hata alama."

Nikamkumbatia na glavu zake. Kisha nikaanza kusema, na nikasema njia nzima mpaka nyumbani, Amani. Mama mkwe akatangulia hatua kumi, mtoto begani.

"Babu," akamnong'oneza mjukuu wake, "tungemwomba daktari ile ncha aiache."

"Nshasikia!"