Fundi Makaburi na Vigae vya Mama Yake

Ukungu haujainuka bado kwenye migomba ya Kirushya, na Juvenali Kagoma tayari amepiga magoti juu ya kaburi la mzee asiyemjua. Anapaka saruji, analaza kigae cheupe chenye maua, anakigonga taratibu kwa mpini wa nyundo, anaweka pimamaji. Kimekaa sawa. Anaguna, anachukua kingine.

Hatua chache kutoka hapo ipo nyumba aliyoishi marehemu. Ukuta wa nyuma umeegemezwa mti usianguke, na sakafu ni udongo mtupu.

"Zamani nilikuwa sioni," anasema fundi huyo mwenye miaka arobaini na tisa, bila kuinua kichwa. "Nilikuwa naona kaburi tu. Siku hizi naona na nyumba. Naweka kigae huku najiuliza, huyu mzee aliwahi kukanyaga kigae hata kimoja?"

Familia iliyompa kazi ilimwagiza aweke vigae vya bei, kwa sababu mzee wao hakupata raha duniani. Ni watu wema, na machozi yao ni ya kweli. Juvenali hathubutu kuwacheka, maana naye alikuwa kwenye mkumbo huohuo, tena mstari wa mbele.

Anaishi Ngara mjini, lakini sakafu za mjini ni chache na mafundi ni wengi. Kinachomlisha ni makaburi. Kirushya, Bugarama, hata Biharamulo akiitwa anakwenda. Kaburi moja humpa ujira wa shilingi laki moja na nusu, na kiangazi, familia zinapokusanyika kujengea makaburi ya watu wao, hupata hata matatu kwa mwezi. Mvua zikianza, anakaa kijiweni na waendesha bodaboda, anasubiri.

Kwa kazi hiyo amesomesha watoto, na mkewe, Tecla, hajawahi kulala njaa. Na kwa kazi hiyohiyo akapata wazo lililokuja kumvuruga.

"Niliona aibu," anasimulia. "Nimejengea mama za watu, halafu wa kwangu siku ikifika alale chini ya udongo? Watu watasema fundi gani huyu."

Akawa ananunua boksi la vigae leo, jingine baada ya miezi, vyeupe vinavyong'aa, anavisukumia chini ya kitanda cha wageni. Alimdokeza Tecla peke yake. Mama mwenyewe, Scolastica, yu hai Bugarama, analima maharage yake na kuyavuna kwa mikono yake. Hapo mtu anataka kucheka, halafu anasita, maana Juvenali alifanya hayo kwa mapenzi.

Baada ya Pasaka, Scolastica alianguka jikoni kwake. Bati la jiko lile linavuja, na mvua ikinyesha sakafu ya udongo inageuka tope. Akaumia kiuno, akaletwa mjini kutibiwa, akalazwa kwenye kitanda cha wageni. Asubuhi moja akainama kutafuta ndala zake, akakutana na maboksi.

"Aliniita," anakumbuka Juvenali. "'Hivi ni vya nini?' Nikasema ni vya kazi. 'Kazi ya nani?' Tecla akatazama ukuta. Mama si mtoto, akaelewa. 'Ni vyangu?' Nikasema ndiyo, Mama."

Alitarajia laana. Alitarajia machozi. Scolastica aliangua kicheko mpaka akashika kiuno kwa maumivu.

"Kama ni vyangu, nipe," alisema kwa Kihangaza, lugha anayorudi kwayo akiwa hana mzaha. "Nibandikie jikoni nivikanyage. Ukinibandikia kule, nitajuaje kama vimekaa sawa?"

Weee! Tangu siku hiyo Juvenali hajui ashike lipi, aache lipi. Hajui kama mama amemsamehe au amemsuta. Alimpigia simu dada yake mkubwa, Adelfina, aliyeolewa Biharamulo, akitafuta ushauri. Akakutana na moto.

"Umemnunulia mama vigae vya kaburi akiwa anapumua, halafu unataka apikie juu yake?" dada alimfokea. "Huo ni uchuro! Ukivitia jikoni na mama akafa, nitajua aliyemwita."

Ufundi nao ukamkatalia. Vigae vya kaburi vinateleza, kwa kuwa vimechaguliwa kwa ajili ya mtu asiyetembea. Leo mama wa miaka sabini na nane, mwenye kiuno kibovu, atembee juu yake na bati linavuja?

"Nikikubali, namwangusha," anasema Juvenali. "Nikikataa, namnyima kitu alichoniomba kwa mdomo wake. Na sikumbuki lini mama aliwahi kuniomba kitu. Kichwa kinaniuma, ndugu yangu. Nikiwaza hivi naona sawa, nikiwaza vile naona sawa."

Basi akafanya wanachofanya wengi waliochanganyikiwa, akaahirisha. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Mama akapata nafuu, akarudi Bugarama, na kila akipata simu ya jirani anauliza jambo moja tu: "Vyangu vinakuja lini?"

Mkanganyiko ukamfuata mpaka kazini. Mteja mmoja alikuja kuulizia vigae mapema, baba yake akiwa hoi kitandani. Juvenali akajikuta anamwambia, "Nenda kakae naye kwanza." Mteja akaona anafundishwa adabu, akanuna, akaenda kwa fundi mwingine.

"Nilimuuliza, sasa tutakula ushauri?" anasema Tecla. "Lakini nikamwacha. Mtu akisumbuka na nafsi yake, ukimwongezea kelele unamvunja."

Juma lililopita Juvenali alikwenda Bugarama akamwaga zege jembamba jikoni, kwa kisingizio cha kuziba mashimo. Mama akalitazama, akatikisa kichwa. "Hii ni nusu," alisema.

Leo, kazi ya Kirushya ilipokwisha, alipitia nyumbani akayatoa maboksi chini ya kitanda. Sasa yamefungwa kwa mpira nyuma ya bodaboda aliyoikodi, na pikipiki inalalamika kwenye mlima. Ungedhani ameamua. Wapi!

"Nimevichukua tu," anasema. "Nikifika sijui nitasema nini."

Scolastica yuko uani, anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umekuja navyo?"

Juvenali anachuchumaa mbele yake, anaeleza. Vinateleza. Utaanguka tena. Dada hataki. Anaeleza kirefu, anajirudia, anakwama. Mama anamwacha mpaka anamaliza, kisha anachukua kigae kimoja na kukipitishia kiganja.

"Kweli, kinateleza," anakiri. "Vikiwa vipande je?"

Juvenali anakitazama kigae upya. Sakafu za vipande amezitandika mwenyewe kwenye baraza za watu mjini. Vipande vidogo, saruji nyingi katikati, mguu unashika vizuri. Hofu tu ilikuwa imemziba macho.

"Inawezekana," anasema polepole. "Lakini Mama, nikivivunja havitafaa tena kwa... kwa ile kazi."

"Ndiyo maana yake. Na dada yako mwambie, vigae vya kaburi vimevunjika."

Ananyoosha mkono, anataka nyundo. Pigo la kwanza ni dhaifu, kigae kinagoma. La pili linakipasua, vipande vinarukia kwenye ungo wa maharage, na bibi kizee anacheka mpaka jirani anachungulia kwenye ua. Juvenali anageuka pembeni. Analia waziwazi, mwanaume mzima, mbele ya mgeni mwenye kalamu.

"Sijui nalia nini," anasema akijifuta kwa mkono wenye saruji. "Sina huzuni. Naogopa, nafurahi, vyote kwa pamoja. Usiniulize."

Kufikia jioni nusu ya jiko imetandikwa, na mama amepika nje. Adelfina amepigiwa simu. Amesema atakuja Jumapili kujionea kwa macho yake. Kama anakuja kugomba au kukumbatia, hakusema.

Mipango ya Juvenali ni kubadili bati kabla ya mvua za vuli na kutoboa dirisha moshi upate njia. Jumamosi hatapokea tena kazi ya kaburi, atakuja hapa. Tecla anasema hilo ataliamini akiliona. Makaburi hataacha, kwa kuwa ndiyo yanayomlisha, ila anataka awe anawauliza wateja, kabla hajachanganya saruji, kama kuna mzee mwingine aliyebaki hai nyumbani.

Na siku ikifika, kaburi la mama ataliwekea nini? Swali linamkuta akiwa amepiga magoti mlangoni mwa jiko, kipande cha kigae mkononi.

"Kusema kweli, sijui," anajibu. Anafikiri. Halafu uso unamfunguka kidogo. "Ngoja nimuulize mwenyewe, si yupo?"

Anapaza sauti kuelekea uani, anauliza vilevile alivyoulizwa, bila kupunguza neno.

"Siku hiyo mimi sipo, mtajijua," anajibu Scolastica, akipakua ndizi. "Nawa hayo masaruji uje ule na mimi."