Gari Lielekee Njiani

Siku yangu ya kwanza kazini, katika mji wa Palma, niliambiwa niegeshe gari. Nikaliingiza kwa mbele, kama nilivyozoea miaka yote nilipokuwa nikibeba samaki wakavu kati ya Olumbi na Mocímboa. Mkuu wa magari, mtu mfupi kutoka bara ambaye sote tulimwita shefe, alinitazama huku akinywa chai.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, shefe."

"Litoe, uliingize upya. Hapa gari linatanguliza makalio."

Madereva walicheka, yeye hakucheka. Alinieleza kwamba dereva anapofika ameshaipita ile nafasi na kuiona kuwa ni tupu. Anapoondoka baada ya saa mbili, hajui ni mbuzi au mtoto gani amelala nyuma ya gurudumu. Kwa hiyo kazi ya kurudi nyuma ifanywe wakati wa kufika, kuondoka kuwe kwa mbele. Nilipofika nyumbani niliijaribu hoja hiyo kwa viberiti juu ya mkeka. Nikaona ni kweli.

Gesi ilikuwa imegunduliwa baharini si muda mrefu, na magari meupe yalikuwa yakiongezeka mjini kila wiki. Kampuni yetu ndogo ilibeba wapimaji wa ardhi na maofisa. Kanuni ilitaka pia mwelekezi, yaani mtu wa kusimama nyuma, mahali dereva anapomwona kwenye kioo cha pembeni, na kumwongoza kwa mikono. Dereva aliyepata maonyo matatu ya maandishi aliondoka kazini. Mwaka wa kwanza nilipata mawili, yote kwa haki.

Ndipo nilipopangiwa kijiji cha Quionga, kumpeleka Mama Fatima, ofisa wa kuzungumza na vijiji. Wapimaji walitaka kupita katika minazi ya Mzee Sumaila. Tulipofika uani kwake nikaligeuza gari mara moja, likarudi nyuma likipiga king'ora chake, moshi ukienda moja kwa moja barazani alipokaa na wageni wake. Niliposhuka nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mnakwenda wapi?"

"Tumekuja kwako, mzee."

"Kwangu? Gari limeshatazama Palma. Hamjaketi, hamjanywa maji, mmeshageuza. Basi safari njema."

Mama Fatima aliomba radhi, lakini siku hiyo hakupata mazungumzo. Tulipokaribia mjini alinigeukia. "Kaka," akasema, "wiki ijayo tunarudi. Fikiri."

Nilifikiri. Safari ya pili nilisimama nje ya ua, gari likimtazama mwenyeji. Tulipiga hodi, tukaketi, tukanywa madafu. Kisha nikamwomba Mzee Sumaila ruhusa ya kugeuza, nikamweleza sababu ya mbuzi na watoto. Aliisikiliza hoja yote.

"Hiyo ina maana," akasema. "Nani anakuelekeza?"

"Mama Fatima hunielekeza."

"Mgeni aelekeze uani kwangu? Panda gari."

Akasimama nyuma na fimbo yake. "Njoo. Njoo. Bado. Njoo, mwanangu, usiogope. Njoo!" Ghafla kikasikika kishindo. Kisiki cha mnazi kilikuwa kimevunja taa ya nyuma.

"Sasa basi," akasema Mzee Sumaila.

Siku ile yeye na Mama Fatima walizungumza hadi adhuhuri, na mzee akakubali wapimaji wapite, mradi yeye mwenyewe awatangulie.

Fomu ya ajali ilikuwa na swali: nani alikuwa mwelekezi? Kama ningeandika jina la mzee, angeitwa ofisini kuhojiwa kuhusu taa, na asingekanyaga tena penye gari letu. Nilikuwa na wake wawili na maonyo mawili. Nikaandika: hapakuwa na mwelekezi, kosa ni la dereva.

Shefe aliisoma mara mbili. "Mama Fatima ameniambia vingine."

Akaiweka fomu mezani mbele yangu.

"Umeandika uongo kwenye fomu yangu."

"Ndiyo, shefe."

Aliichukua kalamu ya kuandika onyo la tatu, akaiweka tena chini. Mwishowe akaikunja fomu, akaitia mfukoni. "Taa nitaitafuta. Wiki ijayo unarudi Quionga. Kamfundishe yule mzee ishara za mikono."

Nilimfundisha. Viganja viwili juu ni simama. Mkono mmoja ukizunguka ni kata usukani. Wajukuu wake ndio waliokuwa magari ya kujifunzia.

Sasa macho yamechoka na leseni nimeirudisha. Vijana huniuliza kama ni lazima kuegesha kwa kurudi nyuma. Nawajibu kwamba ni lazima, lakini shuka kwanza usalimie, ndipo uombe kugeuza. Kanuni niliyopewa ilikuwa sahihi. Ilichokosa ni mwenyeji tu.

Safari yangu ya mwisho Quionga, Mzee Sumaila aliinuka bila kuombwa, akasimama sawasawa ndani ya kioo changu. Njoo. Njoo. Viganja viwili vikapanda juu, nikakanyaga breki. Alipima kwa vidole kati ya bampa na kisiki, akaja dirishani taratibu.

"Shubiri moja, mwanangu," akasema. "Shuka ukaone."