Wazee Wawili, Ufunguo Mmoja

Soko huria lilipoingia, kliniki za watu binafsi zilianza kuchipuka hata Dodoma, nami nikapata kazi kwenye moja ya macho, mtaa wa Area D. Upande wa kompyuta tulikuwa wawili: mimi na kaka mmoja mwenye majivuno, aliyeamini kwamba asiyeandika programu kwa lugha ya C hajaandika kitu. Mimi niliandika kwa Perl. Aliiita lugha ya wavivu, nikamwacha aseme.

Hifadhidata yetu ilikuwa nyepesi, kama chumba cha kuachia mizigo stendi: unatoa kibandiko, unapewa begi lako. Kibandiko ndicho ufunguo, begi ndilo thamani. Kwetu ufunguo ulikuwa jina la mgonjwa na kijiji chake, na thamani ni jicho la kupasuliwa. Programu yake na yangu zote zilifungua faili hilohilo. Yake ikikuta ufunguo umeshatumika, iligoma kuandika. Makarani wa mapokezi waliichoka kwa ubishi wake, wakahamia kwenye yangu, ambayo haikubishana na mtu. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Siku hiyo nilimleta baba mkwe wangu kutoka Makutupora. Jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho. La kulia lilikuwa zima, ndilo alilotegemea kupogoa mizabibu yake. Dirishani, karani akaniuliza jina la mzee. Nikasema tu ni baba mkwe wangu, wa Makutupora. Kwetu mke hatamki jina la baba wa mumewe, na yule dada, mzaliwa wa hapahapa, hakunilazimisha. Akaandika: Baba Mkwe, Makutupora. Sote wawili tuliona ni adabu.

Mzee alipoingizwa ndani, nikakaa kwenye kompyuta yangu kuangalia kumbukumbu yake. Baba Mkwe, Makutupora: kulia.

Nikamrudia karani, nikamuuliza kwa nini ameandika kulia.

“Mbona wako niliandika kushoto,” alisema. “Ila baada yako amekuja mwanamke mwingine na mkwe wake, nao wametoka Makutupora. Naye hakutaja jina.”

Basi. Mzee wa pili aliandikwa juu ya wa kwanza, na programu yangu ikamtupa baba mkwe wangu nje bila hata kukohoa. Yule kaka alikuwa amesimama nyuma yangu. “Yangu ingekataa,” alisema taratibu, na safari hii hakuwa anajigamba. Nilitamani kumzaba kibao kwa sababu alisema kweli.

Nikakimbia. Mlangoni pa chumba cha upasuaji nesi akanizuia kwa mkono.

“Wameshaanza kusafisha jicho, dada. Kompyuta inasema kulia.”

“Kompyuta imechanganya watu,” nikasema. “Wangu ni kushoto. La kulia ni zima.”

Daktari akageuka. Kulikuwa na vitanda viwili, na wazee wawili waliofunikwa uso kwa vitambaa vya kijani.

“Wako yupi?”

“Baba mkwe wangu.”

“Wote ni baba wakwe, mama. Nitajie jina.”

Jina lile sikuwahi kulitamka tangu niolewe, hata nikiwa peke yangu jikoni. Niliwakasirikia wote, daktari, karani, na bibi zangu walionifunza. Kisha nikalitamka. Lilitoka dogo, kama mtu anayeiba.

Kitambaa cha kitanda cha pili kikatikisika.

“Ndiye mimi,” alisema baba mkwe wangu chini yake. “Jicho ni la kushoto. Lirudie jina, mama, aliandike.”

Nikalirudia mbele yao wote, herufi moja moja, huku nikilia, na daktari akaliandika kwa kalamu kwenye plasta juu ya jicho la kushoto.