Ukiulizwa, Futa

Gudny Tveit hakuvumilia uchafu, hata ule wa ndani ya kompyuta. Usafi ni jambo jema, lakini wake ulikuwa wa kuudhi. Programu ya kuandikia waliyoitumia pale ofisini, Trondheim, Norwei, ilikuwa na tabia ya kujiwekea nakala pembeni kila mtu alipoandika, na Gudny, mtunza mitambo, aliziona kama makombo mezani. Kila Ijumaa alizifagia. Akawafundisha na wenzake: ukifungua faili, ukaulizwa kama nakala iliyobaki irejeshwe au ifutwe, futa. Wakashika, maana kubishana na Gudny ni kujitafutia balaa.

Ijumaa moja zamu ya kupika vaffel, zile keki bapa za ofisini, ilikuwa yake. Umeme ukakatika, ukarudi, chuma cha kuzichomea kikaanza kupata moto tena. Steinar, mkongwe wa kuandika programu, akaita kutoka chumba cha pili.

"Gudny, takataka zako hizi tena. Nifute?"

"Futa tu, mzee. Kwani wewe mgeni hapa?"

Akamimina uji wa unga kwenye chuma. Ndipo akakumbuka. Tangu asubuhi Steinar alikuwa akiandika upya programu ya kuwatahadharisha wafugaji wa samaki hewa inapopungua majini. Samaki walikuwa wanakufa, na mwenye vizimba hakuacha kupiga simu. Na Steinar, mbishi wa kuzaliwa, hahifadhi kazi mpaka aimalize. Umeme ulipokatika, kazi yote ilikuwa imebaki ndani ya takataka hiyo hiyo.

Alikimbia na upawa mkononi, uji ukichuruzika korido nzima, huku akijilaani.

Steinar alikuwa ameinamia meza, kidole kikielea juu ya vitufe.

"Ngoja kwanza, sioni," alisema. "Miwani yangu umeiona?"

Ilikuwa kwenye paji la uso wake.

"Toa mkono, Steinar. Taratibu."

Gudny akachagua kurejesha. Mistari ikajitokeza, hadi ule wa mwisho uliokatikia njiani. Akaihifadhi kazi kwa jina jingine, wakailinganisha na ile ya zamani, ndipo akaifuta nakala. Harufu ya kuungua ilikuja kutoka jikoni, hakuna aliyeinuka.

Steinar akashusha miwani, akasoma hadi mwisho. Kisha akamgeukia, bila hasira.

"Na zile za miaka yote, Gudny? Ulishawahi kufungua hata moja kabla ya kuifuta?"

Gudny akautazama upawa.

"Hapana," akasema.