Mlango wa Mbao wa Mwalimu Kioo

Shemeji yangu, aliyemuoa dada yangu mdogo, ni mwalimu wa udereva, na watu wote wanamwita Mwalimu Kioo. Jina hilo hakujipa. Ni kwamba kwa miaka ishirini na sita neno lake la kwanza asubuhi na la mwisho jioni limekuwa hilo hilo. Kabla hujaondoka, kioo. Kabla hujakata kona, kioo. Dada yangu anasema hata akitoka jikoni na sufuria mkononi, kama hakutazama nyuma kwanza, mumewe anaguna. Mimi mwenyewe nimemsikia akimkaripia paka kwa kuvuka sebule bila kuangalia pande zote mbili.

Chuo chake ni chumba kimoja juu ya duka la madaftari. Kina viti sita, ubao, na usukani wa gari bovu uliopigiliwa kwenye meza, ambapo wanafunzi wapya hukata kona za kufikirika. Na kina gari moja, dogo, jeupe, lenye breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Mimi tangu nistaafu kazi ya kugonga mihuri posta napenda kuzunguka, basi shemeji akanipa kazi isiyo na mshahara: wakati wa mafunzo nakaa kiti cha nyuma. Anasema gari lenye mzee nyuma linaendeshwa kwa adabu. Nimeuzunguka mji hivyo miaka minne, na mpaka leo sijui kuendesha hata baiskeli. Lakini nimeanza kutoka nje ya njia.

Jumanne ile usukani ulishikwa na mama mkunga. Huyu alizalisha nusu ya mji huu, kisha akastaafu, kisha akasema sasa anataka leseni. Mtihani alikuwa ameshaanguka mara tatu. Barabarani na sisi aliendesha vizuri kabisa, ila mkaguzi akiingia garini na faili lake, akakaa na kubofya kalamu, mikono ya mama ilikuwa inasahau kila kitu.

Mkaguzi huyo alikuwa anakuja tena Ijumaa, na safari hii si kwa ajili ya wanafunzi peke yao. Barua yake ilikuwa ubaoni, imepigiwa mstari mwekundu: leseni ya chuo inaisha Ijumaa, gari likaguliwe siku hiyo hiyo, na chuo kisicho na gari zima kitafungwa. Shemeji alikuwa ameliosha gari lile mpaka rangi ikaanza kuchoka.

Tulifika njia panda iliyo jirani na kiwanda cha mbao. Mama mkunga akasimama pale penye mstari, kama alivyofundishwa, akahesabu moja, mbili, tatu, na hapakuwa na gari hata moja. Shemeji akatabasamu. Kwenye tatu, pikapu ikatoka kiwandani kinyumenyume, boriti zimechomoza nyuma kama pembe, na zote zikaingia kwenye mlango wa kushoto, mlango wa mwalimu. Ulikunjwa kama bahasha. Shemeji alikuwa mzima, ila mapajani alikuwa na vipande vya dirisha, na boriti moja ilikuwa imesimama mbele ya kidevu chake.

Mama mkunga akavuta breki ya mkono. "Kuna anayetoka damu?" Hakuna. "Basi tupumueni taratibu," akasema.

Dereva wa pikapu akaja mbio, kofia mkononi. Alikuwa seremala. Akainama kwenye lile tundu la mlango, akamwona aliyemo, akataka kurudi alikotoka.

"Shikamoo, mwalimu."

Shemeji alikuwa amemfundisha yeye mwenyewe, miaka saba nyuma. Hakuitikia. "Kabla ya kurudi nyuma, nilikufundisha nini?"

"Kioo, mwalimu."

"Uliangalia?"

"Niliangalia, mwalimu. Kioo chenyewe ndio hakipo. Kilidondoka mwaka juzi. Naangalia pale kilipokuwa."

Shemeji akafumba macho. Alipoyafumbua, yakaangukia stika ya bima kwenye kioo cha mbele cha pikapu. Ilikuwa imepauka kama shati la kazi.

"Na hiyo bima ni ya lini?"

"Hiyo nilinunua na gari, mwalimu. Ilikuwa ya mwenye gari wa zamani. Niliiacha pale, inapendeza."

Hapo shemeji akashuka, kwa mlango wa upande wa pili, akazunguka, akaokota kioo cha pembeni kilichoanguka chini. Hakikuwa na ufa. Akakifuta kwa leso, akakitia mfukoni. Ndicho kitu pekee alichokiokota.

Alasiri tulikwenda ofisi ya bima, maana yeye bima yake hailali hata siku moja. Msichana wa mezani alituambia vizuri, kwa upole.

"Mzee, hii yako ni bima ndogo. Inamlipa mtu uliyemgonga."

"Mimi sijamgonga mtu. Nimegongwa."

"Basi alipe bima ya aliyekugonga."

"Hana."

"Pole sana."

Shemeji akauliza, "Kama mimi ndiye ningemgonga yeye?"

"Tungemlipa."

"Yeye, asiye na bima?"

"Ndiyo, mzee. Bima unayo wewe."

Kule nje alisimama ngazini. Aliniambia, "Shemeji, nimekosea. Nilisimama kwenye mstari."

Fundi bodi naye akautazama mlango, akaupiga kidole, akasema haunyooki. Mlango mwingine wa gari la aina ile uagizwe, wiki tatu. Na hiyo ilikuwa Jumanne.

Nyumbani shemeji akavaa koti aende polisi kumshtaki seremala. Dada yangu alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Ukienda polisi watakupa karatasi. Wewe unataka karatasi au mlango?"

"Nataka sheria ifuatwe."

"Sheria itamkamata yeye na pikapu yake, na Ijumaa wewe utakuwa na tundu. Yule kijana anatengeneza nini pale kiwandani?"

Jibu shemeji alilijua. Nikajibu mimi. "Milango."

Basi seremala akaja Jumatano na mbao zake. Alikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu hufanya kazi kupita kiasi. Alipima lile tundu mara tano. Akafunga fremu, akachonga mlango wa mbao ngumu wenye nakshi ya maua pembeni, akaukatia dirisha dogo, akaweka bawaba tatu za shaba na kitasa chenye ufunguo wake, akaupaka vanishi mara mbili. Kile kioo cha pembeni akakifunga mahali pake kwa skrubu nne. Nisiseme uongo, nyumba nyingi za mji huu hazina mlango kama ule.

Alhamisi jioni akatuita. Akashika kitasa, akasukuma. Mlango ukaingia ndani.

Shemeji akauangalia. "Mbona unafunguka kwa ndani?"

"Mlango wa nje hufunguka kwa ndani, mwalimu. Ukiufungua kwa nje, bawaba zinabaki nje, mwizi anazing'oa."

"Hili ni gari, wewe."

Nikaona uso wa seremala ukibadilika taratibu, kama mtu anayekumbuka kwamba ameacha jiko linawaka. Miaka kumi na tano ametengeneza milango, na mkono wake haukumuuliza huu ni wa wapi. "Niugeuze?" akasema. "Itabidi nivunje fremu. Mpaka Jumamosi."

Muda haukuwepo. Tukafanya jaribio. Mlango uliingia kwa kukisogeza kiti nyuma hadi mwisho, anayeingia akapita ubavu, akakaa, kisha akaurudisha mbele ya magoti yake. Shemeji ni mwembamba, aliweza. Mkaguzi hakuwa mwembamba. Hilo tulilijua sote.

Ijumaa tuliegesha nje ya ofisi ya leseni. Wakati wa mtihani mwalimu hukaa nyuma, lakini shemeji alisema hawezi kutazama, niingie mimi. Nikaingia, na kiti cha mbele kikanikalia magotini. Mama mkunga akashika usukani. Mikono yake ilishaanza kusahau gia iko wapi.

Mkaguzi akaja na faili lake. Alikuwa anasoma huku anatembea. Akafika kwenye gari, akainua macho kidogo, akaona mbao, nakshi, kitasa cha shaba. Na yule mtu, aliyetuangushia wanafunzi kumi na mmoja mwaka ule, akagonga kwa kidole.

"Hodi."

"Karibu, baba," mama mkunga akasema, akanyoosha mkono, akamfungulia. "Pita ubavu hivyo. Taratibu. Kaa."

Baadaye alinieleza mwenyewe. Miaka thelathini na mbili watu walimgongea mlango wa mbao, wakaingia wakihema, na kila mara aliyetulia alikuwa yeye. Sasa huyu naye ameingia anahema, jasho linamtoka, faili limembana tumboni. Mikono ikajua la kufanya. Aliondoka kwa kioo, akakata kona kwa kioo, akarudi nyuma kati ya mapipa mawili bila kugusa hata moja, na njiani akamuuliza mkaguzi kama analala vizuri. Mkaguzi akasema hapana, mgongo. Kalamu hakuibofya hata mara moja, maana mkono wa kalamu haukuwa na nafasi.

Tuliporudi shemeji alikuwa amesimama pale pale na seremala kando yake, wote wawili wamefumbata mikono. Mkaguzi akasema, "Mama umepita. Sasa gari." Akafungua fomu pale pale kitini. "Milango. Ifunge sawasawa." Akausukuma, haukucheza. "Isipige kelele." Haukupiga. Nadhani kati ya magari yote yaliyokuwepo pale, hakuna lililofunga kwa heshima vile. "Ifunguke kutokea ndani."

Akavuta kitasa. Mlango ukaja, ukafika kwenye goti lake, ukasimama. Akajikunja, ukaja kidogo zaidi, ukambana kati ya dashibodi na tumbo. Akajaribu kuurudisha, faili likawa limeingia katikati. Nyuma hakukuwa na pa kwenda, nilikuwapo mimi. Upande wa dereva kulikuwa na gia.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "nitokeje?"

Niliona midomo ya shemeji ikisema kitu bila sauti. Nadhani alikuwa anaaga chuo.

Seremala ndiye aliyesogea dirishani, bisibisi mkononi. "Mheshimiwa, bawaba ziko huko kwako, ndani. Chukua. Anza ya juu. Ukianza ya chini utaangukiwa."

Mkaguzi akaichukua. Akafungua skrubu moja, akaitia mfuko wa shati, ya pili, ya tatu. Seremala alimwelekeza kwa upole kama mwalimu wangu wa darasa la kwanza. Ilichukua muda, watu wakajaa. Bawaba ya mwisho ilipotoka, shemeji na seremala wakaupokea mlango kwa nje, wakauegemeza ukutani, na mkaguzi akashuka na skrubu mfukoni zinalia.

Akajikung'uta. Akaitazama fomu. "Imeandikwa ifunguke kutokea ndani," akasema. "Nimeufungua kutokea ndani." Akaweka alama. Kisha akamgeukia shemeji. "Leseni ya chuo nakupa. Mlango wa chuma ndani ya wiki tatu, nitakuja kuuona. Na huyu fundi ni nani?"

Shemeji akamtazama seremala. Sheria ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, niliiona. "Ni mwanafunzi wangu," akasema. "Bado hajamaliza."

Na kweli hakuwa amemaliza. Pikapu ilikaa kiwandani bila kuwashwa, na kila jioni seremala alikuja kuketi kwenye usukani wa mezani na kutaja neno lile moja, mpaka alipoleta stika mpya ya bima na kioo kipya. Shemeji aliikagua stika kwa miwani, mbele na nyuma, akasoma tarehe kwa sauti.

Mlango wa chuma ulifika, ukafungwa. Ule wa mbao dada yangu aliudai, akaufunga kwenye banda la kuku. Ndio maana kuku wetu wana kitasa cha shaba na kioo cha pembeni, na asubuhi jogoo hujitazama kwanza kabla ya kutoka. Shemeji akimwona hivyo, hanywi chai mpaka amsifu.