Mfuko Uliofungwa na Mwenzangu

Katika kikundi chetu cha matembezi pale Lodwar, hakuna aliyeruhusiwa kufunga mzigo wake mwenyewe. Sheria hiyo tuliitunga mwaka 2012 baada ya matembezi ya kwanza, karani mmoja alipobeba redio ya betri sita na suruali tatu, halafu akasahau maji. Tulimgawia yetu mpaka sote tukarudi midomo imepasuka. Tangu hapo kila mtu alipewa mwenzake: wewe unamfungia yeye, yeye anakufungia wewe, mmepeana migongo, na mfuko haufunguliwi mpaka mapumziko ya kwanza. Mtu akijifungia mwenyewe hujihurumia mno. Mzigo wa mwenzake ataupima kwa macho makavu.

Mwenzangu alikuwa mwalimu kama mimi. Madarasa yetu yalipakana ukuta, na kikundi chenyewe tulikianzisha sisi wawili, baada ya kuchoka kukaa kila Jumamosi tukisahihisha madaftari na kulalamikia joto. Watu walituita chanda na pete. Nami niliamini.

Mwishoni mwa mwaka huo wa 2012 nilianguka na bodaboda nikavunjika kifundo cha mguu. Nilikuwa nimetolewa plasta wiki chache tu kikundi kilipopanga safari yetu kubwa ya 2013: kwa pikapu mpaka Lorugum, kisha kwa miguu hadi juu ya vilima vya Loima. Daktari alisema nitembee kwa kiasi. Kiasi! Mimi ni mzaliwa wa Lodwar. Asubuhi zisizo na vumbi nilikuwa naviona vile vilima upande wa magharibi tangu nikiwa mtoto, na sikuwa nimewahi kuvikanyaga. Nilipokuwa kitandani na mguu wangu mzito kama gogo, niliapa kwamba nitafika kule juu kwa miguu yangu, na si kwa hadithi za wengine.

Basi nikajiandaa kama mtu anayeolewa. Kila jioni niliingia lagani, kwenye mchanga wa mto mkavu, nimebeba jerikeni ya lita tano. Wiki ya kwanza niliijaza nusu, ya pili nikaijaza yote. Jumamosi moja tukaenda Kakuma, mimi na mwenzangu, kutafuta vifaa katika soko la kambi ya wakimbizi. Nilivutiwa na buti moja ya ngozi, nzito, ya kamba ndefu. Mama wa Kisomali aliyekuwa akiuza alinitazama nikiijaribu, akacheka.

"Walaal, dada yangu, wacha hiyo. Unaenda laga na buti? Mchanga itaingia, itakaa huko kama mgeni."

"Na miiba?"

"Miiba vaa akala. Tairi haisikii miiba. Wewe beba maji. Maji ndio safari, hii zingine ni mapambo tu."

Nikairudisha buti. Nilinunua turubai la kikundi, kibano kidogo cha kutolea miiba, na magunia mawili ya kuvika jerikeni, kwa sababu ukililowesha gunia, maji hukaa baridi hata saa sita mchana.

Tukiwa njiani kurudi nilimwambia mwenzangu siri. Kifundo kilikuwa bado kinauma alfajiri, kabla sijaupasha mguu moto. Nikianza kutembea kinanyamaza.

"Usiwaambie wengine," nikamwambia.

"Nikuseme kwa nani, dada yangu?" akajibu, akanishika mkono.

Ijumaa alasiri tulikutana kwangu, mkeka ukatandikwa. Vya kikundi vikagawanywa kwanza: unga, sufuria, turubai, maji. Kisha tukapeana migongo tukafungiana. Mimi nilimfungia kwa mapenzi, nasema kweli. Nilimtia njugu anazozipenda, shuka lake nililikunja vizuri lisimwumize mgongoni, na tochi yake mbovu nikaibadilisha na yangu iliyo nzima. Nyuma yangu nilisikia akikaza kamba za mfuko wangu, akiimba kwa sauti ya chini. Jioni mizigo yote ikapakiwa kwenye pikapu. Tuliagana tukutane saa kumi na moja alfajiri kwenye kituo cha mafuta.

Nilifika kabla ya saa kumi na moja. Mlinzi wa kituo alikuwa ameketi kwenye debe.

"Ejok, mwalimu."

"Ejok-nooi. Wenzangu bado?"

"Wenzako? Walienda kitambo. Walipitia hapa saa kumi, wakaweka mafuta, wakaenda."

Nilimwambia amekosea. Nikapiga simu ya mwenzangu mara saba, ikaita, haikupokewa. Bado nikamtetea! Nilijiambia labda amelala, labda wamemwacha yeye pia. Nikachechemea mpaka kwao kumwamsha.

Nilimkuta mama yake akifagia uwanja. Alinipa pole ya mguu.

"Huyu msichana alisema umekataa kwenda. Alisema mguu imekuwa mbaya. Ngoja, kuna vitu yako."

Akaingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na shuka langu, kikombe changu, akala zangu na kile kibano. Vyote nilivyompa mkononi jana yake anifungie. Ule mfuko wangu uliokwenda Loima ulikuwa na unga wa kikundi na jerikeni ya kikundi, basi. Wakati anaimba nyuma yangu, alikuwa ameshaniacha. Niliona aibu, kisha hasira ikanipanda mbele ya mama wa watu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema. Mimi wangu nilimpa na nguo zenyewe azishike.

Walirudi Jumapili jioni. Mwenzangu alikuja kwangu mwenyewe, amechomwa na jua, na mfuko wangu ameufua.

"Ungetuchelewesha," alisema, bado amesimama mlangoni. "Nikikuambia ungelia, na wote wangebaki kwa ajili yako, ndiyo maana niliwaambia umekataa, tuondoke mapema. Ni wewe uliniambia mguu unauma."

"Nilikuambia wewe."

"Ndiyo. Sasa nani mwingine angeamua?"

Nilikuwa nimeandaa matusi siku mbili nzima, mengine ya Kiturkana, mengine niliyoazima sokoni. Yote yalikuwa tayari kwenye ulimi. Badala yake nikasikia sauti yangu ikiuliza, "Mlifika juu?"

"Tulifika."

"Kukoje?"

Akaketi, akanieleza. Kuna baridi ya kuvaa sweta, alisema. Kuna miti mirefu yenye ndevu za kijani, na asubuhi ukungu unapita katikati yake, na ukigeuka upande wa machweo unaiona Uganda. Sikumkatiza hata mara moja. Aliponyamaza nilimwuliza kuhusu ndege, akaniambia na habari za ndege.

Mguu wangu haukurudi kuwa mguu wa milimani. Nimeshamsamehe kwa kuniacha gari ikiondoka, na hata kwa ule uongo aliomwambia mama yake. Lakini Loima sijapanda mpaka leo, na yote ninayoyajua ya kule juu nimeyajua kutoka kinywani mwake.